Gharama na Muda wa Kunakili Kitabu kwa Mkono Katika Mchezo Wako

Karibuni watazamaji. Leo tunapiga hesabu ya kitabu kilichonakiliwa kwa mkono, kwa ajili ya michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Wachezaji wako wanataka nakala ya kitabu kinene cha historia, nawe mwendesha mchezo unafungua orodha ya bei. Ukiwa unatumia Dungeons & Dragons toleo la 5, lile la 2014, utakuta kitabu ni sarafu 25 za dhahabu. Kiwe kinene, kiwe chembamba, bei ni ileile. Hiyo iweke kando, chukua kikokotoo.

Hatua ya kwanza: amua kitabu kina maneno mangapi. Tuseme 60,000.

Hatua ya pili: kasi. Mnakili wa vitabu haandiki mbiombio. Anaunda herufi moja moja, anachovya unyoya kila baada ya maneno machache, na mara kwa mara anasimama kuuchonga upya. Anategemea mwanga wa jua, maana mshumaa karibu na maktaba ni balaa. Mezani kwangu mnakili stadi huandika maneno 3,000 kwa siku, na 2,000 msimu wa baridi mchana unapokuwa mfupi. Cha kwetu kitachukua siku 20.

Hatua ya tatu: ujira. Orodha ileile inamlipa mwenye ujuzi dhahabu 2 kwa siku. Mara 20, dhahabu 40. Unaona? Kabla hatujanunua hata ngozi moja, ujira peke yake umeshaipita bei ya kitabu kizima.

Hatua ya nne ni vifaa, na hapa tusiharakishe. Weka maneno 300 kwa kila ukurasa, unapata kurasa 200, yaani laha 100 zilizoandikwa mbele na nyuma. Ngozi moja ya ndama au kondoo ukiikunja mara moja inatoa laha 2, mara mbili laha 4, mara tatu laha 8. Laha zetu 100 zikiwa kubwa zitakula ngozi 50, za wastani 25, ndogo 13. Codex Amiatinus, Biblia iliyoandikwa kaskazini mwa Uingereza kabla ya mwaka 716, ina laha zaidi ya 1,000, karibu ngozi 500. Kwa hiyo ukikipa kijiji maktaba kubwa, kipe na mifugo.

Orodha inauza laha ya ngozi kwa sarafu 1 ya fedha, kwa hiyo laha 100 ni dhahabu 10. Karatasi imewekwa fedha 2, ghali kuliko ngozi! Ulaya ya mwishoni mwa Zama za Kati ilikuwa kinyume, nami huzigeuza bei hizo. Wino nao ni kichekesho: kichupa kimoja dhahabu 10, ujira wa siku tano. Wino wa kweli ulikuwa nundu za mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga, na wanakili wengi walijichanganyia wenyewe. Ushushe hadi fedha chache.

Ongeza dhahabu 10 za jalada na za mhakiki anayekwangua makosa kwa kisu. Jumla, kwa bei ya ngozi ya kwenye orodha, ni dhahabu 60 na fedha chache. Mchezaji akikataa kumlipa mhakiki, rusha kete za makosa kimyakimya, hasa kikiwa kitabu cha uganga.

Hatua ya mwisho: wachezaji wana haraka. Paris na Bologna, karne ya 13, wauza vitabu wa chuo kikuu walikodisha vitabu vipande vipande visivyojalidiwa, wanakili kadhaa wakafanya kazi kwa wakati mmoja. Nawe fanya hivyo: fumua jalada, gawa kwa wanakili watano, siku 20 zinakuwa 4. Ujira haupungui, mwandiko utabadilika katikati ya kitabu, na mwenye kitabu lazima akubali kifumuliwe. Halafu, watu watano sasa wanajua kilichomo. Kama kilikuwa cha siri, andika majina yao pembeni, utayahitaji kikao kijacho.