Spika za Zamani na Spika za Bei Nafuu: Kusikiliza Nyuma ya Leso

RUKIA: Assalamu alaikum, wasikilizaji, na karibuni katika kipindi chetu kinachorekodiwa hapa Mombasa. Mimi ni Rukia, na kama kawaida niko na Ami Athman, ambaye amekuwa akitengeneza redio na amplifaya tangu enzi za santuri. Shikamoo, Ami.

ATHMAN: Marahaba, Bi Rukia. Nadhani leo tutawaudhi watu wa pande zote mbili. Mwenye spika za miaka ya 1970 husema kwamba za leo ni plastiki zenye makelele, na kijana aliyenunua spika ndogo katika duka la Digo Road husema kwamba hizo za wazee ni makabati ya kufugia mende.

RUKIA: Basi tuanze kwa kueleza tulichosikiliza. Pea ya zamani ni ya Kiingereza, ya njia mbili, yenye wufa, yaani spika ya sauti nzito, ya inchi 8 na twita, ile ya sauti nyembamba, ndogo ya kuba, ndani ya kasha la mbao la lita 25 hivi, nayo imekaa miaka mingi katika nyumba moja ya Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale. Pea ya pili ni mpya, ya bei ambayo mwalimu anaweza kuimudu bila kukopa, yenye wufa ya inchi 4 na amplifaya iliyomo ndani yake. Majina ya kampuni hatutayataja, kwa sababu tunachokitafuta ni sababu ya tofauti, si tangazo la biashara.

ATHMAN: Na kabla ya wimbo wowote kupigwa tulisawazisha kiwango cha sauti, jambo ambalo watu hulidharau mno. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, waliokuwa watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu husikia besi, yaani sauti nzito, kwa unyonge pale sauti inapokuwa ndogo, na kwamba kadiri unavyoiongeza ndivyo besi inavyojaa. Matokeo yake ni kwamba spika ikizidi nyenzake kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, 1 au 2 tu, msikilizaji hatasema kuwa ina sauti kubwa zaidi, bali atasema kuwa ni nzuri zaidi. Ugomvi mwingi wa spika katika mabaraza yetu ni ugomvi wa kitufe cha sauti.

RUKIA: Tuliweka simu yenye programu ya kupima desibeli juu ya kiti cha msikilizaji, tukapiga ule mvumo wa kupimia wenye masafa yote, tukapandisha na kushusha hadi pea zote mbili zikasomeka sawa. Kisha nikatundika leso mbele yake.

ATHMAN: Leso ya Biashara Street, tena nzuri, hata nikaona haya kuitumia kwa kazi hiyo. Lakini ilikuwa na faida, kwa maana macho husikia kabla ya masikio. Floyd Toole alifanya majaribio ya namna hii kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, na aliyoyachapisha katika miaka ya 1980 yalionyesha kwamba watu wasioiona spika hukubaliana zaidi ya tunavyodhani, nao huelekea kuipenda ile isiyopendelea sauti nzito wala nyembamba, na ambayo sauti yake ya pembeni inafanana na ile ya mbele.

RUKIA: Tulianza na taarabu ya Zein l'Abdin, udi na sauti ya mwanamume, kwa sababu masikio yetu yanaujua udi kuliko yanavyoijua piano. Katika pea ndogo nilisikia kila mdundo wa kipigio juu ya uzi, na maneno ya shairi yalitamkika hata pale mwimbaji anaposhusha pumzi mwishoni mwa kina. Katika pea ya zamani udi ulikuwa na tumbo, ukubwa wake ulikuwa wa kweli, ila kipigio kilikuwa kimefunikwa, na herufi kama *s* na *sh* zilififia. Wageni wetu wawili walisema palepale kwamba huo ndio ulaini wa zamani ambao spika za leo zimeupoteza.

ATHMAN: Na mimi nikawaambia wangoje, maana ulaini mwingine ni ugonjwa. Ndani ya spika ya njia mbili mna krosova, yaani sehemu inayogawa sauti nzito ziende kwa wufa na nyembamba ziende kwa twita, na twita hulindwa kwa kapasita, kifaa cha umeme kinachozuia sauti nzito zisiifikie. Kapasita za elektroliti zinapozeeka hukauka, ukinzani wake wa ndani hupanda, na twita hupata umeme pungufu. Twita nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 zina vilevile mafuta ya sumaku yanayopoza koili, yaani waya uliosokotwa unaoisukuma kuba, na mafuta hayo yakigeuka gundi, kuba haitikisiki ipasavyo. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka akiusifu ulaini wa spika ambayo inaziba mdomo kidogo kidogo.

RUKIA: Waeleze ulivyofungua ile ya Kibokoni.

ATHMAN: Niliondoa skrubu nne za wufa, nikaichomoa taratibu ili waya usikatike, nikaufikia ubao wa krosova uliopigiliwa ukutani mwa kasha. Kapasita moja ilikuwa imevimba ncha, na ile ya spika ya pili ilionekana nzima kwa macho, ila zilipopimwa kwa mita, zote mbili zilikuwa zimetoka mbali na kipimo kilichoandikwa juu yake. Nikaweka kapasita za filamu, yaani za plastiki nyembamba, zenye kipimo kilekile, ambazo hazina majimaji ya kukauka, nikalehemu na kufunga. Fundi yeyote wa Mwembe Tayari anayejua kushika chuma cha kulehemu anaweza kazi hii, sharti asibadilishe kipimo kwa kudhani kwamba kikubwa ndicho bora.

RUKIA: Tuliporudi nyuma ya leso, hadithi ilibadilika. Kipigio cha udi kilijitokeza, herufi zikarudi, na nusu ya tofauti niliyokuwa nimeiandika katika daftari ikatoweka. Mmoja wa wale wageni alisikitika, kwa kuwa alichokipenda hakikuwepo tena.

ATHMAN: Ni haki yake kukipenda. Ila asiseme ndivyo mtengenezaji alivyokusudia.

RUKIA: Hata hivyo, nusu ya pili ya tofauti ilibaki, nayo ilikuwa katika besi na katika wepesi wa kupiga kwa sauti kubwa. Hapo sikubali kwamba mpya imefika.

ATHMAN: Haijafika, na sababu yake ni ya kimaumbile. Ukitaka spika iwe ndogo, ishuke chini katika besi, na itoe sauti kubwa kwa umeme mdogo, utapata mambo mawili tu kati ya hayo matatu. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss huko Massachusetts walitoa AR-1, spika iliyofungwa kabisa, ambayo hewa iliyonaswa ndani ya kasha ilifanya kazi ya springi ya koni, yaani ile sehemu ya mbele inayotikisika, na kwa njia hiyo walipata besi ya kina kutoka kasha linaloweza kukaa rafuni. Lakini walilipia kwa kuhitaji amplifaya yenye nguvu zaidi. Baadaye Neville Thiele wa Australia, katika makala ya mwaka 1961, na Richard Small katika miaka ya 1970, walitoa hesabu za kupanga kasha lenye tundu la hewa, na leo hata kiwanda cha bei ya chini kina kompyuta ya kuzifanya. Ndiyo maana spika nafuu za leo zimepangwa vizuri kuliko nafuu za miaka 40 iliyopita. Hesabu imekuwa rahisi, lakini lita za hewa hazijapungua bei.

RUKIA: Katika maneno ya muziki, uzi wa chini wa gitaa la besi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ndogo yetu huanza kuchoka karibu na 65. Kwa hiyo noti ile unaisikia kupitia mwenzake wa juu, wa 82, na ubongo wako unajaza uliobaki. Unaifuata tuni, lakini kifua hakihisi kitu.

ATHMAN: Na upande wa wati, tafadhali, wasikilizaji, msinunue boksi. Ukiona maelfu ya wati yameandikwa kwa herufi nyekundu pamoja na PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kutangazia biashara, geuza chombo usome kibandiko cha umeme kilichoko nyuma. Ikiwa kinakula wati 40 kutoka ukutani, hakiwezi kutoa 3,000 kwa mbele. Jambo la maana zaidi ni wepesi wa spika yenyewe, yaani desibeli inazotoa kwa wati moja. Kila desibeli 3 za ziada zinahitaji wati maradufu, kwa hiyo spika ya desibeli 90 ikilinganishwa na ya 83 inahitaji takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu kwa sauti ileile. Spika nyingi za enzi za amplifaya za valvu zilikuwa nyepesi kwa sababu wati zilikuwa ghali.

RUKIA: Lakini zamani si sawa na kubwa na nyepesi, Ami. Ile spika ndogo LS3/5A ya BBC ya miaka ya 1970 ilibuniwa kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo hapana nafasi. Kasha lake lina lita 5 hivi, wepesi wake ni karibu desibeli 83, na besi yake si ya kina, lakini kwa sauti ya mtu anayezungumza bado inasifiwa hadi leo.

ATHMAN: Umenishika, na ni kweli. Ile ilitengenezwa na watu waliokuwa na mtangazaji wa kweli chumba cha pili, wakamlinganisha na spika. Nafuu za leo zimeurithi utaratibu huo kuliko zilivyourithi ule wa makasha makubwa.

RUKIA: Sasa nataka tuzungumze kuhusu chumba, kwa sababu hapo ndipo matokeo yetu yaligeuka tena. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale ni vyembamba, kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazizidi sana mita mbili na nusu au tatu. Kuta ni za matumbawe na chokaa, sakafu ni ngumu.

ATHMAN: Chukua upana wa mita 2.7. Katika joto letu sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, na ukigawa kwa upana huo mara mbili unapata karibu mitetemo 65. Hiyo ndiyo noti ambayo chumba chenyewe huvuma. Spika kubwa iliyoegemezwa ukuta mrefu huichochea noti hiyo kwa nguvu zake zote, na msikilizaji aliyekaa kwenye kochi lililogusa ukuta wa pili huipata imejaa mpaka udi unapotea. Spika ndogo, kwa kuwa imechoka hapohapo, haichochei sana.

RUKIA: Kwa hiyo Kibokoni, katika chumba chembamba cha namna hiyo, pea ya bei nafuu iliishinda pea ya zamani kwa uwazi kabisa, leso au bila leso. Tulipozihamishia zote sebuleni kwangu Tudor, ambako chumba ni kipana na kina zulia na mapazia mazito, pea ya zamani ikarudisha heshima yake.

ATHMAN: Anayeishi Mji wa Kale asikate tamaa. Aweke spika kwenye ukuta mfupi zitazame urefu wa chumba, azisogeze mbele kidogo, avute kochi lisiguse ukuta, na atandike zulia nene mbele yake. Mkeka ni mwembamba mno kwa kazi hii.

RUKIA: Na anayetaka kununua za zamani? Hewa yetu haina huruma.

ATHMAN: Aondoe kitambaa cha mbele, aguse ukingo wa koni kwa ncha ya kidole. Ukingo wa sponji, hasa wa miaka ya 1970 na 1980, humeng'enyuka hata bila kutumiwa, na unyevu huharakisha. Ukiacha unga mweusi kidoleni, hesabu gharama ya ukingo mpya. Wa mpira huvumilia zaidi. Kisha asukume koni ndani kwa vidole vilivyotanuliwa, sawasawa pande zote. Ikikwaruza, koili imeharibika au imehama, na hapo bei ishuke au aondoke. Atazame vituo vya waya nyuma kama vimeota kutu ya kijani kutokana na chumvi. Mwisho apige wimbo mmoja akizima spika moja moja, ahakikishe twita zote mbili zinaimba.

RUKIA: Kuna msikilizaji ambaye ametuandikia kutoka Likoni. Ana fedha za kitu kimoja tu, chumba chake ni kidogo, na anasikiliza taarabu na habari za redio usiku, kwa sauti ya chini ili watoto wasiamke. Mimi namwambia achukue pea ndogo mpya.

ATHMAN: Kwa chumba hicho na saa hizo, nami nasema achukue mpya. Angekuwa na sebule pana na fundi wa karibu, ningemtuma atafute mabaki ya nyumba za wazee. Ila kwa vile anasikiliza kwa sauti ya chini, na tayari tumesema kwamba besi hufifia sauti inapokuwa ndogo, aongeze kitufe cha besi kidogo wakati wa usiku na akirudishe katikati mchana. Watu wa zamani waliweka swichi maalumu ya kazi hiyo kwenye amplifaya, iliyoandikwa "loudness", na wengi waliiacha imewashwa mwaka mzima.