Siku Tatu Zimeisha, Jumatatu Je?

Tumsifu Yesu Kristo! Asanteni. Wengi wenu mshanisikia nikilisema hili, kwamba tukishatoka Cursillo, yale mafungo yetu ya Kikatoliki ya siku tatu, tuwe na vikundi vidogo vya kuulizana kila wiki kama tumesali, na leo nalirudia kwa sababu bado halijafanyika.

Mnakijua kile kikanisa cha Wareno cha makuti, njia ya kwenda kwa nguzo ya Vasco da Gama. Tunapita pale na tuktuk hata shingo hatugeuzi. Sasa mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari, alishuka hapa hapa Malindi akielekea Goa kule India, mtu mmoja wa meli yao alikuwa amefariki wakamzika huku, na mkubwa mmoja wa Waislamu wa mji akamuuliza Ksaveri, hivi huko kwenu makanisa yanajaa, watu wanasali kwa moyo kweli? Maana hapa misikiti iko 17 na inayopata watu ni mitatu tu. Ksaveri mwenyewe kaandika hayo kwenye barua yake. Swali lile halinitoki jamani. Yule mzee hakuuliza mna mapadre wangapi, hakuuliza kanisa lenu lina mabati au vigae, aliuliza watu wanasali? Na leo alfajiri adhana ikilia nasikia mlango wa jirani unafunguka, ndara zinaburura kichochoroni kwenda msikitini, na Mkristo wa nyumba ya pili amelala. Angeuliza leo tungemjibu nini?

Ndo maana naipigania Cursillo. Ilianzia kisiwa cha Mallorca, Uhispania, miaka ya 1940, na Eduardo Bonnín aliyeisukuma alikuwa mlei mpaka anafariki 2008. Ni siku tatu, halafu maisha yako yote yaliyobaki ndo wanayaita siku ya nne. Na sisi tunakwama hapo! Siku tatu tunalia, tunakumbatiana, Jumatatu kila mtu na hamsini zake.

Mtaniambia, lakini tuna jumuiya ndogondogo za mitaani. Najua, na sizipingi, maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wamezisisitiza tangu miaka ya 70. Lakini niambie ukweli, kule jumuiya ni nani anakuuliza wewe binafsi, wiki hii ulisali lini? Ni Injili, mchango, matangazo, kwaheri. Kikundi cha watu wanne watano kila wiki, hapo hakuna pa kujificha.

Chetu tunakutana Alhamisi jioni, tunakalia kreti za soda karibu na karai ya mama mmoja wa kwetu anayeuza viazi. Ameniruhusu niseme hili. Siku moja zamu yake ya kujibu ikafika, akanyamaza, anageuza viazi, mafuta yanachemka, kisha akasema wiki nzima sikusali, nina kinyongo na wifi yangu. Hakuna aliyemhubiria. Tulisali naye pale pale, Alhamisi iliyofuata tukamuuliza tena, na nyingine tena. Ilichukua miezi mitatu mpaka akaenda kwa huyo wifi kubisha hodi. Miezi mitatu! Semina gani ingemsubiri hivyo?

Padre ananionyesha saa. Nilitaka niguse kusoma na kutenda, maana sala peke yake ni figa moja na chungu hakikai, ila someni ule waraka wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya utume wa walei, wa 1965, tutaongea siku nyingine.

Sasa kabla ya pilau, geuka mtafute wenzako watatu, muandike siku, saa na mahali. Karatasi ziko pale mlangoni na kalamu ninazo mimi.