Lugha za Skandinavia Chuo Kikuu: Mwanafunzi Aanze na Ipi?

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia masomo ya lugha za Skandinavia katika chuo kikuu. Kaka Bakari, wewe uliyeyasoma masomo hayo, tuwekee mipaka kwanza, maana wengi huzichanganya lugha zote za kaskazini mwa Ulaya.

BAKARI: Ahsante, dada Zuhura. Lugha zenyewe ni Kidenmark, Kinorwei na Kiswidi, ambazo ni ndugu wa karibu kiasi kwamba aliyeimudu moja husoma gazeti la jirani bila taabu kubwa. Kiaislandi na Kifaroe ni wa ukoo huohuo, ila zimehifadhi sarufi ya kale ambayo hizo tatu ziliiacha. Kifini hakimo kabisa, kwa kuwa kimetoka katika familia nyingine.

ZUHURA: Kwa hiyo anayejiandikisha huzisoma zote tatu?

BAKARI: Kwa kawaida huchagua moja ya kuizungumza na kuiandika, kisha hufundishwa kuzisoma na kuzisikiliza nyingine. Ndivyo idara nyingi zilizo nje ya Skandinavia zinavyofanya. Idara kongwe zaidi nchini Marekani ipo Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison tangu 1875, na si ajabu ikawa huko, kwa sababu jimbo hilo lilipokea wahamiaji wengi kutoka Norwei. Mimi humshauri mwanafunzi aanze na Kinorwei.

ZUHURA: Hapo nakupinga, kaka. Kiswidi kina wasemaji wapatao milioni 10, karibu mara mbili ya Kinorwei. Kwa nini mtu aiache lugha kubwa?

BAKARI: Kwa sababu Kinorwei kipo katikati. Msamiati wake wa maandishi unakaribiana sana na wa Kidenmark, na matamshi yake yanakaribiana na ya Kiswidi. Tafiti za kuelewana zimeonyesha mara kwa mara kwamba Wanorwei huwaelewa majirani zao kuliko majirani hao wanavyoelewana wao kwa wao. Kidenmark cha maandishi hakimsumbui mtu, lakini kinaposemwa konsonanti hulegea na silabi humezwa, tena hesabu yake ni ya ishirini ishirini: hamsini ni ishirini mbili na nusu, sabini ni ishirini tatu na nusu. Nilipoikuta hesabu hiyo nilidhani mwalimu anatutania.

ZUHURA: Nimesikia pia kwamba Kinorwei kina maandishi ya aina mbili. Je, huo si mzigo kwa mgeni?

BAKARI: Ni mzigo, nami nauona kuwa ndio utamu wa somo lenyewe. Norwei ilikuwa chini ya Denmark kwa takribani miaka 400 hadi 1814, na lugha ya maandishi ikawa Kidenmark. Baada ya hapo wapo waliotaka Kidenmark hicho kibadilishwe polepole kifuate usemi wa watu wa mjini, na huko ndiko ilikotoka Bokmål. Ivar Aasen, mtoto wa mkulima mdogo, alishika njia nyingine: katika miaka ya 1840 alizunguka vijijini akikusanya lahaja, akatoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850. Kazi yake ndiyo msingi wa Nynorsk, na Bunge liliyapa maandishi hayo hadhi sawa mwaka 1885.

ZUHURA: Sisi tulikwenda kinyume chake. Katika mkutano wa Mombasa wa 1928 lahaja moja, Kiunguja, ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na Kimvita kikaachwa pamoja na utajiri wake wote wa ushairi.

BAKARI: Naam, na ndiyo maana Mswahili anayesoma historia ya Kinorwei hupata maswali ya kwao ndani yake. Aasen alilinganisha lahaja nyingi, hasa za magharibi, akatafuta umbo linaloweza kuziwakilisha. Hadi leo Mnorwei huzungumza lahaja yake bungeni na redioni bila kuonekana hajasoma.

ZUHURA: Tugusie gharama kwa anayetaka kwenda kusoma hukohuko.

BAKARI: Denmark ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2006, Uswidi mwaka 2011, na Norwei mwaka 2023. Wanaokwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya vyuo kwa kawaida hawatozwi, kwa hiyo njia hiyo iulizwe mapema.

ZUHURA: Na huyo mgeni, ajifunze maandishi yote mawili?

BAKARI: Aandike Bokmål, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi na ndiyo iliyomo katika vitabu vingi vya wageni, lakini Nynorsk aweze kuisoma. Jon Fosse, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2023, huandika kwa Nynorsk. Hata serikalini, raia akiiandikia ofisi ya dola kwa Nynorsk, sheria inaitaka ofisi hiyo imjibu kwa Nynorsk.