Kompyuta Moja, Watu Wanne: Akaunti, Vikundi na Ruhusa za Folda

Ndugu zangu, habari za jioni, na asanteni kwa kufika.

Leo tunazungumzia kompyuta ya sebuleni, ile ambayo kila mtu wa nyumba anaigusa. Tuchukue familia ya mfano. Asha, mama wa nyumba, anaweka humo hesabu za duka. Mumewe Juma ana barua na picha. Neema yuko kidato cha nne na kazi zake za shule zimo humo. Baraka wa darasa la tano anacheza michezo. Wote wanne wanaingia kwa akaunti moja na nywila moja. Baraka akifuta folda ya hesabu kwa bahati mbaya, mfumo hauna sababu ya kumzuia, kwa kuwa kwa macho yake aliyefuta ni mwenye mali.

Nitatumia Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu huko unaweza kuona kila ruhusa kwa macho yako.

Jambo la kwanza: majina ni kwa ajili yetu, mfumo wenyewe hufanya kazi kwa namba. Msimamizi mkuu, root, ni namba 0. Mtu wa kwanza kufunguliwa akaunti wakati wa kusakinisha hupata 1000, anayefuata 1001, na kuendelea. Orodha imo katika faili /etc/passwd, na nywila zilizofumbwa zimo katika /etc/shadow ambalo mtumiaji wa kawaida halisomi. Faili lililo kwenye diski linabeba namba ya mwenyewe tu, jina halimo. Tutaona mwishoni kwa nini hilo lina uzito.

Kumfungulia mtu akaunti, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike hivi (neno sudo mbele linaiendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi):

sudo adduser neema

Utaulizwa nywila mara mbili, kisha jina kamili na maswali mengine ambayo unaweza kuyapita kwa kubonyeza Enter. Kuna amri nyingine inayofanana nayo, useradd, na wengi huzichanganya. Kwenye Ubuntu, useradd bila -m haimtengenezei mtu folda yake ya nyumbani. Akijaribu kuingia kwa dirisha la kawaida, anarudishwa palepale pa nywila na kudhani amekosea kuiandika. Tumieni adduser.

Akaunti ya kwanza ndiyo iliyomo katika kikundi cha sudo, yaani ndiyo yenye uwezo wa kusakinisha programu na kubadilisha mfumo mzima. Watoto wasiingizwe humo. Wala si lazima Asha na Juma wote wawili wawemo, ila mimi napendelea wawemo wawili, ili mmoja akisahau nywila mwingine aweze kumwekea mpya kwa sudo passwd asha.

Sasa vikundi. Dirisha la mipangilio la Ubuntu linaongeza watumiaji vizuri, lakini halina sehemu ya vikundi. Hivyo tunabaki kwenye terminali:

sudo addgroup familia
sudo usermod -aG familia neema

Tazameni ile herufi ndogo a. Maana yake ni ongeza. Ukiisahau na kuandika -G peke yake, mfumo unaelewa kwamba vikundi vya nyongeza vya mtu huyo ni hivyo ulivyovitaja tu, na unamtoa katika vingine vyote. Asha akijiandikia hivyo mwenyewe, anatoka katika kikundi cha sudo, na akiwa ndiye msimamizi pekee, hakuna tena mtu anayeweza kurekebisha kwa njia ya kawaida. Dawa ipo. Washa kompyuta upya huku umeshikilia Shift, au ukibonyeza Esc kwa mashine mpya zaidi, mpaka menyu ya kuwasha itokee. Ingia kwenye chaguo za ziada, chagua mstari wenye maneno "recovery mode", kisha "root". Hapo andika:

mount -o remount,rw /
usermod -aG sudo,familia asha

Mstari wa kwanza unaifungulia diski uandishi. Bila huo, wa pili utakataliwa.

Kosa la pili la vikundi ni dogo lakini linapoteza jioni nzima: kikundi kipya hakimfikii mtu mpaka atoke na kuingia upya. Amri id neema itakuonyesha kwamba yumo, na bado Neema aliyekaa mbele ya kioo atazuiwa, kwa kuwa yeye aliingia kabla. Atoke kabisa kwenye akaunti, aingie tena.

Na tahadhari: usimwingize mtu katika kikundi cha disk au cha docker (programu ya kuendeshea programu nyingine katika makasha yake) kwa sababu tu programu fulani imelalamika. Cha kwanza kinampa mtu diski ghafi, anasoma chochote akipita chini ya ruhusa zote. Cha pili kwa vitendo ni sawa na kumpa uwezo wa root.

Tuje kwenye folda, na hapa naomba tukae kidogo. Ruhusa ni tatu: kusoma, r, thamani yake 4, kuandika, w, thamani yake 2, na kuendesha programu au kuingia kwenye folda, x, thamani yake 1. Zinatolewa kwa watu wa aina tatu: mwenyewe, kikundi, na wengine wote. Thamani hujumlishwa, tarakimu moja kwa kila aina ya watu. Ndiyo maana 750 ni kila kitu kwa mwenyewe, kusoma na kuingia kwa kikundi, na hakuna kwa wengine. Tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya huja na 750. Kabla ya hapo ilikuwa 755, yaani kila mwenye akaunti aliweza kuchungulia. Kama mashine yako ilisakinishwa zamani na ikawa inasasishwa tu, angalia kwa ls -ld /home/* na urekebishe kwa sudo chmod 750 /home/asha.

Kwa folda, herufi hizo zina maana yake yenyewe. Kusoma ni kuona orodha ya majina. Ile x ni ruhusa ya kupita mlangoni. Kuandika ni kuongeza, kubadilisha jina na kufuta vilivyomo, mradi x nayo ipo. Kwa hiyo anayeamua nani afute faili ni folda. Unaweza kulifunga faili lisiandikwe na yeyote, na mtoto mwenye w na x kwenye folda akalifuta kwa mkono mmoja. Wengi wanaolinda faili moja moja wanalinda mahali pasipo na mlango.

Basi tutengeneze folda ya pamoja. Amri mkdir huitengeneza, chown huikabidhi kwa mwenyewe na kikundi, na chmod huweka ruhusa:

sudo mkdir /srv/familia
sudo chown root:familia /srv/familia
sudo chmod 2770 /srv/familia

Ile 2 ya mbele ndiyo watu huiacha. Inasema kila kitakachozaliwa ndani kichukue kikundi cha folda, yaani familia, badala ya kikundi binafsi cha aliyekitengeneza. Bila hiyo, faili la Neema litakuwa la kikundi neema, na Juma hataliandika.

Hata hivyo kikundi sahihi hakitoshi, maana faili jipya huzaliwa na ruhusa zilizopunguzwa. Kinachozipunguza huitwa umask; andika umask uone. Ukikuta 0002, kikundi kinabaki na uandishi. Ukikuta 0022, kinabaki na kusoma tu: Juma anafungua kazi ya Neema, anaiona, lakini hawezi kuihifadhi. Badala ya kukimbizana na umask ya kila mtu, weka sharti kwenye folda yenyewe:

sudo apt install acl
sudo setfacl -m g:familia:rwx,d:g:familia:rwx /srv/familia

Ile d ni sharti la watakaozaliwa. Kuanzia hapo ls -l itaonyesha alama ya + mwishoni mwa ruhusa, nawe utasoma habari kamili kwa getfacl. Ukiona humo neno effective likiwa na r-- peke yake, kuna kitu kimeipunguza ruhusa, mara nyingi ni chmod uliyoipiga baadaye au nakala iliyokuja na ruhusa zake za zamani.

Hilo la mwisho hutokea sana. Ukihamisha faili kwa mv kutoka nyumbani kwako kwenye diski hiyohiyo, linakuja na kikundi chake na ruhusa zake kama zilivyokuwa. Folda hailigusi, kwa sababu halijazaliwa humo. Hata cp hupokea kikundi cha folda, lakini faili lililokuwa la kusomwa tu na kikundi hubaki hivyo. Ikitokea, piga hizi mbili:

sudo chgrp -R familia /srv/familia
sudo setfacl -R -m g:familia:rwX /srv/familia

X ni kubwa kwa makusudi. Inatoa ruhusa ya kupita kwenye folda bila kuyageuza mafaili ya kawaida kuwa programu. Anayepiga chmod -R 644 anaziondolea folda zake mlango, na ghafla hakuna anayeingia. Anayepiga chmod -R 777 amemfungulia kila mwenye akaunti, na tatizo la awali la Baraka limerudi lilivyokuwa.

Kwa folda ya picha, ambako watu huweka na kutazama bila kuhariri, tumieni 3770, yaani ile 2 ya mbele pamoja na 1. Nyongeza hiyo inamruhusu mwenye faili pekee kulifuta. Msiiweke kwenye folda ya kazi za kuhaririwa, maana programu nyingi huhifadhi kwa kuandika faili jipya na kulibadilisha la zamani, na hapo zitazuiwa.

Kwa flashi, nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina mahali pa kuandika mwenyewe wala kikundi. Utapiga chmod na hakuna kitakachobadilika. Na mtu akiiwasha kompyuta yako kwa flashi yenye mfumo mwingine, haya yote tuliyoyajenga hayamzuii. Kinachomzuia ni diski iliyofumbwa, na hiyo huchaguliwa kwa urahisi zaidi siku ya kusakinisha.

Mtu akiondoka nyumbani, anza kwa kuifunga nywila yake: sudo passwd -l neema. Ukiwa na hakika, sudo deluser neema, na folda yake ibaki mpaka umeikagua. Kisha, kama namba yake ilikuwa 1002, tafuta alichoacha kwingine:

sudo find / -xdev -uid 1002

Mafaili hayo sasa yana namba isiyo na jina. Ukimfungulia mgeni akaunti mwezi ujao, anaweza kupewa 1002 hiyohiyo, na tangu dakika hiyo barua na picha za Neema ni zake. Wakabidhini wengine mafaili hayo kwa chown kabla ya kufungua akaunti mpya.

Maswali, karibuni.