Lile tunda la Kichina: halitibu kisukari, na siwezi kulituma

Habari zenu wapendwa. Tangu niwaonyeshe tunda liitwalo luo han guo pale soko la Qingping, hapa Guangzhou, swali ni lile lile: "Dada, tutumie tunda la kutibu kisukari." Najua nikijibu wapo watakaosema naringa na China yangu, wengine watasema nimezidi kulalamika. Semeni, ila nisikilizeni kwanza.

Tunda hili hulimwa Guangxi, hasa upande wa Guilin. Mmea wake hutambaa, na maua dume huota kwenye mmea mmoja, maua jike kwenye mwingine, kwa hiyo wakulima huchavusha kwa mkono, ua kwa ua. Likiwa bichi halikawii kuoza, ndiyo maana mnaliona limekaushwa, jepesi kama ganda la yai. Wenyeji hulivunja wakalichemsha kwa ajili ya kikohozi, koo na choo kigumu.

Kisukari kimeingiaje? Utamu wake unatokana na mogrosidi, yaani viini vitamu vya tunda hili, ambazo zikichujwa huwa tamu kuliko sukari zaidi ya mara 200, na hazipandishi sukari ya damu. Basi zinafaa kwenye chai badala ya sukari. Kutibu ni jambo jingine kabisa! Tena tunda kavu lenyewe lina sukari za kawaida ndani yake. Na ule unga wa pakiti, someni nyuma: mara nyingi kilichojaa ni erithritoli, kitu kingine cha kutia utamu.

Sasa kutuma. Tunda moja ni yuan chache tu, lakini pakiti niliyomtumia shangazi ilizuiliwa. Mara cheti cha usafi wa mimea, mara ada hii, mara ada ile, mpaka gharama ikapita bei ya matunda yenyewe. Nililipa yote mimi, halafu kwenye grupu la familia nikaitwa bahili. Iliniuma sana, jamani. Na viza yangu ni ya masomo, hairuhusu biashara. Mnaosema nifungue duka, nikifukuzwa mtanipokea ninyi?

Mimi hulinywa koo likiwasha, nikapata nafuu. Hayo ni yangu, mwili wako siujui.

Lakini wewe mama yangu uliyeniandikia kwamba umeacha metformini, dawa yako ya kisukari, ukisubiri mzigo wangu: hakuna mzigo unaokuja, mama. Nakuomba kesho urudi kliniki, uwaambie umeacha vidonge tangu lini, wakupime.