Kijiko Kimenaswa: Safari ya Kuzama Kwenye Barafu ya Europa

ATUPELE: Karibuni tena. Tunarekodia Uyole, mwezi wa saba, na Lwitiko kavaa makoti mawili.

LWITIKO: Matatu, dada. Kitulo asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, umande umeganda.

ATUPELE: Hiyo cha mtoto. Europa, mwezi wa Mshtarii, ile mnayoiita Jupita, ni kama nyuzi 160 chini ya sifuri. Tena hapo ni kwenye ikweta yake!

LWITIKO: Na chini ya barafu kuna bahari.

ATUPELE: Dalili zinaelekea huko. Kazi ni kuifikia. Wengi wanakadiria barafu ina unene wa kilomita 15 hadi 25. Pandanisha milima saba ya Rungwe, ndiyo upate 20 hivi.

LWITIKO: Unachimbaje sasa?

ATUPELE: Huchimbi, unayeyusha. Chombo chembamba, kichwa cha moto, kinazama kwa uzito wake. Jua halifiki humo, kwa hiyo wanafikiria plutoniamu, inayotoa joto yenyewe miaka na miaka.

LWITIKO: Kumbe rahisi.

ATUPELE: Nami nilidhani hivyo. Juzi nikagandisha maji kwenye bakuli, nikachovya kijiko kwenye chai ya moto, nikakisimamisha juu ya barafu. Kikazama kidogo, kikanata. Nikarudisha bakuli kwenye friza. Asubuhi navuta, wapi!

LWITIKO: Kimenaswa.

ATUPELE: Ndipo akili ya wabunifu inapoumia. Kichwa kikiwa moto na mbavu baridi, maji yanaganda ubavuni, umekwama. Lazima mbavu nazo zipashwe. Na huko nyuma shimo linajifunga.

LWITIKO: Ngoja, waya wa mawasiliano je?

ATUPELE: Ukiuvuta kutoka juu, barafu inaukamata. Karl Philberth, Mjerumani, alilitatua zamani: waya unaviringwa ndani ya chombo chenyewe, kinauachia nyuma kadiri kinavyoshuka. Ugande tu, haidhuru. Mwaka 1968, Greenland, chombo chake kilipita mita 1,000.

LWITIKO: Elfu moja kwa elfu ishirini. Bado sana.

ATUPELE: Halafu barafu yenyewe ina uchafu. Chumvi na vumbi vinarundikana mbele ya pua kama ukoko chini ya sufuria, unabaki unapasha ukoko. Wengine wanaongeza meno ya kukwangua au maji ya kusukumia.

LWITIKO: Kuna aliyekwisha kwenda?

ATUPELE: Chombo cha Europa Clipper kiliondoka Oktoba 2024, kitafika 2030, lakini hakitui, kinapita karibu na kupima. Mimi ningeanzia Enceladus, mwezi wa Zohali. Chombo cha Cassini kilikuta maji yanaruka nje kupitia nyufa, mwaka 2005. Utoboe ukuta wa nini na dirisha liko wazi?

LWITIKO: Kwa hiyo unamjua jirani kwa moshi wa jiko lake? Mimi nataka niingie ndani nione kinachopikwa.

ATUPELE: Haya, ingia.

LWITIKO: Na kijiko?

ATUPELE: Kiko friza. Mama kakiulizia mara mbili.