Uyoga jitu wa kichuguu: usiung'oe, chimba kwanza

Haya wadau, leo nipo porini upande wa Zambia, huku ni miombo tupu, mvua za kwanza zimeshapiga. Oneni hii kofia, nimelaza ndala yangu juu yake na nafasi imebaki kibao, na huu bado mtoto, ukikomaa unafikaga karibu mita 1. Kitaalamu ni Termitomyces titanicus, wataalamu waliutambulisha mwaka 1980 kutokana na uyoga wa hukuhuku Zambia.

Sasa watu wakiona ukubwa tu, wanavuta. Usivute! Ushahidi wenyewe uko chini.

Kwanza angalia umeota wapi, lazima kuwe na kichuguu hapo au jirani. Halafu chukua panga, chimbua udongo pembeni ya shina taratibuuu, ukikatika umeharibu. Mnaona hiki kinachoshuka kama mzizi? Sio mzizi, ni shina linaendelea hadi kwenye masega ya mchwa, wanayajenga kwa majani na miti waliyotafuna halafu wanalimia uyoga humo, yaani hawa jamaa ni wakulima kabisa. Ila ukichimba ukakuta shina limekaa kwenye kifuko kama ganda la yai lililopasuka, achana nao hapohapo, kwenye uyoga wa vifuko hivyo wapo wanaoua, na ubaya wao tumbo linaweza kuanza kukata baada ya masaa 6 au zaidi ushasahau ulikula nini.

Juu katikati pana kinundu kimekolea kahawia, na shinani pete nene.

Bado tuna kazi ya usiku. Kata kipande cha kofia, kilaze upande wake wa chini ukigusa karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi (gazeti hapana, maandishi yatakuchanganya), funika na bakuli, asubuhi soma rangi ya unga uliodondoka kwenye karatasi, ndio mbegu za uyoga. Huu wetu unatoa unga wa pinki iliyopauka. Ukiwa wa kijani, huo ni wa kukutapisha. Mweupe kabisa, tupa.

Na ile ya "wadudu wameula kwahiyo salama" muache jamani, mdudu na wewe hamna tumbo moja. Hata vyote vikikubali, kabla ya sufuria muonyeshe mama wa hapohapo kijijini anayeokota kila msimu, akisita na wewe sita.

Shimo lifukie ukimaliza, wenyewe wapo chini wanaendelea na shamba lao.